Sindano Inayotaka Jina

Tonge la pili la kisamvu, midomo ya mwanangu Tamimu ikavimba, pumzi ikapiga miluzi. Nikaikamata sindano yake ya mzio wa karanga. Siku hizi haifunguki mpaka uitajie jina la aliyemlisha mtoto, na aliyetajwa hamgusi tena mtoto huyo maishani.

“Kinu nilikiosha baada ya kutwanga karanga, wallahi!” alilia mama mkwe.

“Nitajitaja mimi, Mama.”

“Atanyonya kwa nani? Nitaje mimi, mjinga we! Mtoto anakwenda!”

Nikamtaja. Sindano ikafunguka, nikamchoma pajani. Tamimu akavuta pumzi, akaangua kilio.

Mama akanyoosha mikono kumpokea, kisha akaificha ndani ya kanga, akarudi nyuma hadi ukutani.

“Mpapase mgongo,” akaniambia. “Taratibu. Hapendi kupigwapigwa.”