Kidole cha Odeta

Kwenye ofisi ya mafao ya wafanyakazi, mashine ya alama za vidole ilimkataa Odeta tena. Miaka ya kukata minofu ya sangara kwenye barafu ya kiwanda ilikuwa imezifuta alama zake.

Akarudi nyuma hatua moja, kama asubuhi ile hofu ilipomzuia kuvuka geti la kiwanda, akaacha kazi. Nyumbani, mtaa wa Igogo, alidanganya kuwa amepunguzwa kazi.

“Basi, acha nirudi tu,” alisema.

Mama mhudumu aliyekuwa dirishani alikishika kidole cha Odeta, akakipulizia pumzi ya joto, akakikandamiza taratibu kwenye kioo. Taa ya kijani ikawaka. Hakukiachia.

“Kwa nini uliacha kazi, mwanangu?”

Odeta alikitazama kidole chake ndani ya kiganja cha yule mama.

“Naumwa, mama,” alisema. “Lakini si mwili.”