Nungunungu na Mwalimu Mpya

Enzi wanyama walipokuwa na shule yao, Nungunungu mdogo alimaliza darasa la Mwalimu Korongo, akagoma kuhamia kwa Mwalimu Kiboko.

"Ana mdomo mkubwa mno," alilia. "Nitabaki hapa hapa kwako."

"Kubaki hutabaki," Korongo alimwambia, "ila hutaenda peke yako."

Kanga, aliyekuwa akiwasikiliza, alicheka. "Mwache, Mwalimu. Shule ikifunguliwa atazoea tu."

Korongo hakumsikiliza. Kabla shule haijafungwa, alimpeleka Nungunungu kwa Kiboko. Mlangoni mtoto alitetemeka, miiba ikamsimama mwili mzima. Kiboko alipoiona alirudi nyuma mpaka akagonga ubao.

"Shikamoo, Mwalimu," Nungunungu alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Tafadhali, laza hiyo miiba. Tangu niambiwe unakuja, silali vizuri."

Nungunungu alimkodolea macho. "Kumbe na wewe unaniogopa?"

"Sana."

Mtoto akavuta pumzi, akalaza miiba yake, akaingia ndani kuchagua dawati.

Walipotoka alimwambia Korongo, "Kesho nitamleta mwenzangu Fuko. Analia kila siku kwa kuogopa darasa hili."

"Nije nanyi?"

"Hapana, Mwalimu. Njia naijua."