Mama Anamtaka Pamba

Nywele zilikuwa zimerudi nyeusi tena, nyeusi tii, kama vile hazijawahi kuguswa na dawa.

"Zimegoma," akasema msusi, mikono kiunoni. "Asubuhi nimekuacha na kichwa cheupe pee. Ulikifanya nini?"

"Nilikikausha," akajibu pacha.

"Kwa mashine?"

"Kwa mashine. Nilikuwa na haraka."

Msusi akainua macho juu. "Haraka! Dada yangu, nilikwambia hii dawa haing'oi rangi, inaikunja tu. Usipoisuuza ikatoka yote, ikipigwa na hewa inajikunjua na kukaa palepale, kama mgeni aliyeaga halafu akarudi kuulizia chakula. Na rangi yenyewe bado mbichi, haijamaliza hata wiki. Rangi mbichi ina kiburi."

Bafu zima lilinuka mayai viza. Pacha aliinamia beseni, taulo mabegani. Taulo jingine alikuwa amelitundika juu ya kioo. Tangu msiba hakutaka kujiona. Kila akijitazama alimwona mwenzake.

Walizaliwa wawili, sura moja, sauti moja, hata kucheka kwao kumoja. Mvi zilipowavamia mapema, mmoja akashika mtindo wa kupaka rangi kila mwezi, mwingine akaziacha zijitawale. Mama yao, ambaye hajawahi kuishiwa majina ya kuwabandika watu, akawaita Mkaa na Pamba. Sasa mmoja alikuwa amezikwa, na mama hajaambiwa. Alilala chumba cha pili, moyo umechoka, macho yake yakiwa yamebakiwa na kazi moja tu, kutenganisha weusi na weupe. Daktari alikuwa ameonya kwamba habari mbaya ingemmaliza papo hapo.

Kaka yao akachungulia mlangoni, kajiziba pua.

"Bado tu? Mama hataki kula. Anamtaka Pamba."

"Anasemaje?"

"Atasema nini zaidi? Pamba, Pamba. Juzi alipomtaka Mkaa tulimpa Mkaa, akanywa supu bakuli zima. Sasa anamtaka Pamba, basi tumpe Pamba. Anapumua kwa shida, jamani. Hafiki mbali."

"Si mumfunge huyu kitambaa cheupe?" akauliza msusi.

"Tulijaribu jana," pacha akasemea ndani ya beseni. "Alikivuta kikatoka. Nikamwambia, mama, ni mimi Pamba. Akacheka. Akasema, 'Mkaa, tangu utoto huchoki kujifanya Pamba!'"

Hakuna aliyecheka.

"Na ile dawa kali, ya kuchubua?" kaka akauliza.

"Atatoka rangi ya karoti. Unataka mama yako aage dunia akitazamana na karoti?"

Kaka akaenda kuleta ndoo.

Msusi akapaka dawa upya. Walipofikia kusuuza, bomba lilikuwa linatoa maji membamba kama uzi, kwa hiyo kaka akabeba, msusi akamimina kwa kopo. Maji yakatoka meusi, yakaja ya kahawia, yakaja kama ya kuoshea masufuria.

"Mgongo wangu," pacha akalia.

"Mgongo una dawa. Inama."

Ndoo ya mwisho ikaisha. Bomba likakohoa mara mbili, likakata. Kaka akauliza kama inatosha. Msusi akayachungulia maji yaliyobaki kwenye beseni, akayageuza kwa kidole, akayachungulia tena.

"Itabidi itoshe," akasema.

Pacha akainuka. Kichwa cheupe pee. Kaka alipomwona, akaigeuza ndoo tupu, akaikalia na kufuta machozi kwa mkono wa shati. "Nenda," akamwambia. "Nenda sasa hivi, mdogo wangu, kabla hayajatokea mengine."

Lakini mama alikuwa amesinzia.

"Usimwamshe," kaka akanong'ona. "Usingizi wenyewe ameubahatisha."

Pacha akakaa kando ya kitanda, nywele zikimchuruzika maji shingoni. Dirisha lilikuwa wazi, na upepo mzuri tu ulikuwa unaingia. Msusi alisimama mlangoni, ndiye aliyeona kwanza. Weusi ulianzia nchani, ukapanda taratibu, kama wino kwenye kitambaa kilicholowa. Msusi akaziba mdomo kwa kiganja. Pacha akauona ule mkono na yale macho, akaelewa. Hata hakujigusa kichwa.

Maji hayakuwapo tena, na mama naye akafumbua macho.

Akanyoosha mkono, akakivuta kile kichwa mpaka karibu na pua yake. Akakikodolea macho muda mrefu.

"Mkaa."

"Abee, mama."

"Kumbe ni wewe tena." Akakiachia. "Namwita mwenzako tangu jana. Pamba hajawahi kuitwa na mimi asije. Hata awe na homa, anakuja."

Pacha akamrekebishia mto.

"Kaka yako ni mwoga, kwa hiyo nakuuliza wewe. Amekufa? Au yu hai, amenichoka tu?"

Mlangoni, kaka alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana.

"Kama amekufa, mimi namfuata, hatuko mbali," mama akasema. "Lakini kama yu hai na hataki kuniona, mwanangu, mimi sina pa kwenda. Nijibu."

Pacha akamshika mkono wake mwembamba, akaubusu, akauweka shavuni.

"Amekufa, mama," akajibu Pamba.