Hodi ya Jildiz

Mohira alifungua bomba. Likakohoa, likanyamaza.

Katika bonde lile hakuna nyumba iliyopata maji peke yake. Bomba lako lilitoa pale tu nyumba mwenza, ng'ambo ya mpaka, nayo ilipofungua lake. Ndivyo nchi mbili zilizogombania mto mmoja zilivyopatanishwa.

Mwenza wa Mohira aliitwa Jildiz. Walijuana kwa barua tu, hawakuwahi kuonana, lakini kila asubuhi Jildiz alifungua na kufunga mara mbili upesi, kama mtu anayebisha hodi, ndipo akayaacha maji yatiririke. Leo hodi haikuja, na unga wa mkate ulibaki mkavu kwenye bakuli.

"Labda amepitiwa na usingizi, Mama," Mohira alimwambia mkwewe.

"Jildiz, mwenye mtoto mchanga wa kumwamsha? Lakini redio inasema kwao shwari."

"Mbona inarudia-rudia hivyo tangu alfajiri?"

Mohira akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Mtaani wanawake walisimama milangoni na ndoo tupu, kila mmoja akimtetea mwenza wake: wangu anaumwa, wangu ana msiba.

Adhuhuri maji yakaja, bila hodi. Yalikuja mtaa mzima kwa mpigo mmoja, kana kwamba mabomba yote ya ng'ambo yamefunguliwa na mkono mmoja.

"Alhamdulillahi," mama mkwe akasema, akikinga ndoo.

Mohira akaisogeza ndoo kando. Akafunga, akafungua. Akafunga, akafungua. Kisha akangoja ajibiwe, na maji yakazidi kumwagika tu.