Betri ya Mzee Milango

Msumeno ulikataa kunguruma. Mzee Milango akabonyeza kitufe mara ya pili, mara ya tatu, kisha akaugeuza tumbo juu. Pale pa betri palikuwa shimo tupu.

"Tena!" alifoka. "Siku ya nne hii! Siku ya nne!"

Karakana nzima ilizima mashine ili isikie vizuri.

Walimwita Mzee Milango kwa sababu milango ndiyo kazi aliyoifanya tangu ana nywele nyeusi. Kila asubuhi alichomeka betri mwenyewe, akaona taa ya kijani, akakata mbao zake. Mchana akienda kula na kurudi, betri haipo. Na haikuibwa, afadhali ingeibwa. Kila siku, baada ya kuitafuta kila mahali, aliikuta dirishani, kando ya pale alipokaa kula, imewekwa taratibu kama yai. Kejeli gani hiyo?

Mbaya wake alimjua: msimamizi. Kijana wa shati lililopigwa pasi, aliyekuja na karatasi ya wakubwa akaibandika ukutani. Mzee aliisoma neno moja moja, kidole kikifuata: toa betri kabla ya kugusa meno ya msumeno, toa betri kabla ya kusafisha, toa betri unapoiacha mashine. Chini, sahihi tatu. Watu watatu wenye kalamu, na huenda hakuna hata mmoja aliyewahi kuchomwa na kibanzi.

Wakubwa! Wakubwa ndio waliomwambia mkewe arudi hospitali kesho, daktari ametoka. Kesho yake alikuwa amefunikwa shuka. Kwa hilo hakuna aliyetia sahihi.

Sasa huyu naye alikuwa ametangaza kwamba atakayekuwa na milango michache kuliko wenzake kufikia Ijumaa atahamishiwa kwenye msasa. Miaka thelathini ya kukata, uishie kusugua mbao kama anayekwangua masufuria! Na kila betri ilipopotea, ilipotea na muda wake.

Alimfuata msimamizi mpaka mlangoni pa ofisi.

"Bwana mkubwa, betri yangu unaichezea ya nini?"

"Mzee wangu, mimi nikiitoa naifungia kabatini. Dirishani niiweke ili iote jua?"

Redio, fundi wa msasa asiyejua kufunga mdomo, akadakia: "Labda inakwenda yenyewe, mzee. Imenusa kopo lako la chakula."

Watu wakaangua kicheko.

"Chekeni," alisema Mzee Milango. "Marehemu mama watoto alikuwa mkali kuliko ninyi wote, lakini hakuniviziavizia. Nilikuwa nakata mbao uani, yeye anakuja na sahani, ananiambia usoni. Ananyoosha mkono, nampa betri, tunakula. Basi. Hakubandika karatasi."

Msimamizi akakuna shavu. "Haya, tufanye hivi. Ukinikamata naigusa betri yako, msasa nitaushika mimi. Usiponikamata, utaushika wewe, na hizi kelele ziishe. Sawa?"

"Sawa! Wote mmesikia?"

Wote walikuwa wamesikia.

Ijumaa, filimbi ya mchana ilipolia, Mzee Milango aliuacha msumeno katikati ya meza, peupe, kila mwenye macho auone. Akaondoka mikono imejaa, akajibanza nyuma ya rundo la mbao. Alikaa mwisho wa ubao mmoja, kama kawaida yake, akafungua kopo, akachungulia kwenye upenyo. Alitafuna bila kujua anatafuna nini.

Redio alipita akiimba. Hakugusa kitu.

Kisha akaja msimamizi. Akasimama mbele ya meza, akaukodolea macho msumeno. Mzee akaacha kutafuna. Gusa, alimwombea kimoyomoyo. Gusa tu, uone leo!

Msimamizi akatikisa kichwa, akaenda zake. Hakuja mwingine mpaka filimbi ikalia tena.

Mzee Milango alitoka mafichoni kifua mbele, kopo lake kaliacha hukohuko.

"Mmeona? Kajua anaviziwa, kanywea! Siku nne anatoa, leo nimemkodolea macho, imebaki palepale. Mnataka ushahidi gani tena?"

Mafundi wakasogea. Mzee aliunyanyua msumeno juu kama kikombe cha mshindi. Kibanzi kilikuwa kimenasa kwenye meno. Kwa pupa ya kuwaonyesha, akayafumbata meno kwa mkono wa kushoto ili akivute, huku kidole cha kulia kikibonyeza kitufe.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya. Akaugeuza. Shimo tupu.

Safari hii hakucheka mtu. Msimamizi hakuwa anatazama hata shimo. Alikuwa akiutazama mkono wa kushoto wa mzee, vidole vyote bado vimeyafumbata meno ya msumeno, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Nani?" aliuliza Mzee Milango. "Sikubandua macho. Nani?"

Aliuweka msumeno chini, akarudi nyuma ya rundo la mbao kuchukua kopo lake. Lilikuwa upande wake wa ubao, kijiko ndani. Upande wa pili, ule aliouacha wazi kila mlo tangu msiba, ilikuwapo betri, imewekwa taratibu, pale ambapo mkono wa mkewe ungekuwa umenyooshwa.