Kijiko cha Mzee Zdravko

Nilitoboa ukuta saa tisa mchana, saa ya mapumziko, ambapo katika jengo letu hata mtoto hathubutu kulia. Spika zangu za studio zilikuwa sakafuni, zikingoja kutundikwa.

Mke wangu alicheka. "Haya, subiri matusi ya Mzee Zdravko."

Jirani huyo wa chini anaishi peke yake. Nikigusa kinanda tu, hugonga kwa kijiko bomba la kupasha nyumba joto, linalopanda hadi kwetu, na kufoka, "Wewe mbwa, tuache tulale!"

Nikatoboa tundu la pili. Vumbi la zege likanijaa kiganjani. Kimya.

La tatu. Kimya.

Mke wangu hakucheka tena. "Hivi jana ulimsikia?"

Nikachukua kijiko, nikapiga magoti, nikagonga bomba.

"Mzee! Nitukane basi!"