Mama wa Akiba

Nyanjige alikuwa mrushaji wa besiboli mjini Dodoma. Siku nyingine mpira wake ulipita kama risasi, siku nyingine ulimpiga mtu begani. Mashine iliyopima utulivu wa kila raia ikampanga akiba: aingie mwenzake akichoka, arushe kidogo, atoke. Uamuzi huo ulimfuata mpaka nyumbani. Binti yake, Sikitu, alilelewa na Bi Tulla, mama ambaye mashine ilimpanga kuanza. Nyanjige aliitwa tu pale mtoto alipolia mpaka Bi Tulla akashindwa kumbembeleza.

Jumamosi moja mrushaji wa kuanza aliumia mkono kabla ya mechi. Nyanjige akarusha mwanzo hadi mwisho bila kuyumba, na timu ikashinda. Akakimbilia nyumbani kwa Bi Tulla na jezi yake yenye vumbi.

“Nimemaliza mechi nzima,” alimwambia mama huyo mlangoni. “Niruhusu nimwogeshe leo.”

“Hongera, mwanangu. Lakini mashine inasema mechi moja ni bahati tu. Na mtoto ametulia, anacheza.”

Mlango ukafungwa taratibu. Nyanjige akakaa barazani, akatega sikio, akamwomba Mungu mwanawe alie. Ndani, Sikitu alikuwa anacheka.